Profesa Asiyeuliza

Profesa aliingia jukwaani na koti la suti la mtu mwingine, mikono ya koti ikimfunika vidole, na miwani isiyo na vioo. Nyuma yake walikuja watu wawili, mmoja kambebea mkoba, mwingine kamfungulia mwavuli, ingawa tulikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Alisimama mbele ya beseni la chisense, vile visamaki vyetu vya ziwa Mweru visivyozidi urefu wa kidole. Akashika kimoja kwa mkia, akakinusa, akafumba macho. Kisha akafumbua macho na kutangaza, "Ziwa yenu iko mugonjwa." Watu wa Kashikishi, hapa kwetu Nchelenge, wakapiga makofi mpaka mabati yakaitika.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, kucha zangu zikinuka samaki hata baada ya kuzisugua kwa limau, na huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kuvipima visamaki hivyohivyo ili nipate shahada ya udaktari. Kama ziwa lingekubali kunuswa likataja ugonjwa wake, ningekuwa nimemaliza masomo siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, na kurudi kulala.

Nina ugomvi wa siku nyingi na wasomi wa hadithini. Nimezisoma hadithi nyingi, kwa lugha yoyote iliyoniangukia mikononi, kwa sababu nilikulia nyumba ambayo mama, mtu wa ng'ambo upande wa Kongo, alisema nasi Kiswahili, baba alijibu kwa Kibemba, na Kiingereza tulikiweka kabatini kwa ajili ya mitihani. Katika lugha zote tatu msomi ni yuleyule. Anasahau kuvaa viatu lakini hasahau hata ukurasa mmoja wa kitabu. Anarudi kutoka Ulaya na kukataa bukari, ugali wa mama yake. Au ni mhadhiri ambaye hatumwoni akisahihisha hata karatasi moja, kazi yake ni kuwafukuzia wasichana wa mwaka wa kwanza. Na lazima agundue jambo. Ugunduzi humjia dirishani, mvua ikinyesha, naye huinuka ghafla na kumwaga chai. Sijasoma hadithi hata moja ambayo msomi anangoja wiki tatu kupata sahihi ya mtu aliyekwenda mazishini. Sijasoma mahali ambapo anahesabu kitu kilekile mara ya nne kwa kuwa mara tatu za kwanza hazikulingana, na huku kuhara kunamsumbua.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Mitumbwi ya chisense huvua kwa taa na kurudi ufukweni alfajiri. Wanawake huipokea majini, hujaza mabeseni, kisha humwaga samaki mchangani wakauke. Mimi nilifika kwa miguu jua likichomoza, na daftari la shule, rula ya plastiki na sahani. Kila mama aliyekuwa tayari alinitilia sahani moja. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapima samaki mmoja mmoja, kichwa hadi mkia, nikaandika, nikamrudishia mwenyewe mali yake. Chisense akikauka hupungua, kwa hiyo lazima umpime akiwa mbichi, na jua la Nchelenge halimngoji mtu. Mgongo uliniuma kama wa bibi kizee.

Nilipomaliza kupima niliuliza. Mlivua wapi, karibu hapa au upande wa kisiwa cha Kilwa? Mwezi ulikuwaje? Maji yalikuwa na rangi gani? Hayo ni mambo ambayo watoto wa pale wanayajua kabla ya kuota meno ya utu uzima, nami niliyaandika kwa kalamu nyekundu na nyeusi.

Aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa ufuko ule ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama yangu mwenyewe alikuwa amehamia Puta, kwa hiyo huyu mama mkubwa ndiye aliyenipa chumba, maji ya kuoga, na ruhusa ya kukaa mchangani na ndoo yangu. Akisema neno, wanawake wote walilifuata. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza masomo yanakwendaje, na jambo hilo nililipenda sana. Nilisema moyoni, hawa wananiheshimu, hawataki kunisumbua.

Na matokeo yalikuwa mazuri. Miaka michache kabla yangu, wavuvi wa ufuko ule walikuwa wamepatana kutovuta nyavu kwenye matete, mahali chisense wanapotaga, na mimi nilitaka kujua kama mapatano yale yamesaidia. Yalisaidia. Kwa miaka miwili samaki wa sahani zangu walikuwa wakiongezeka urefu, kidogo kidogo, lakini bila kurudi nyuma. Msimamizi wangu, profesa wa chuo kikuu kule mjini, mtu asiyesifu ovyo, aliniandikia neno moja: Safi. Nililisoma neno lile mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia mwaka ule.

Siku ya pili baada ya ile drama ya kanisani nilimfuata aliyeitunga. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkongomani aliyevuka ziwa miaka mingi iliyopita na hajavuka tena, rafiki yangu tangu nianze utafiti. Nilimkuta darasani peke yake, anasahihisha madaftari.

"Mwalimu," nikamwambia, "ule profesa yako iko ya uwongo. Profesa hanusaka samaki. Anapimaka. Anaulizaka batu. Anakosaka, anarudilia."

"Anaulizaka banani?"

"Bavuvi. Bamama ba kule ku ziwa."

Akaweka kalamu chini. "Bon. Sikiya, dada. Mutu mwenye anauliza, ule ni mwanafunzi. Mutu mwenye anajibu, ule njo profesa. Nikiweka profesa mwenye anauliza, batu bataniambia: Mwalimu, profesa iko wapi? Ataingia saa ngapi?"

Juu ya ukuta nyuma yake alikuwa ameandika kwa chaki za rangi: Kuuliza si ujinga. Nilimwonyesha kwa kidole.

"Ile ni ya batoto," akasema, wala hakugeuka kuangalia.

Nilimwambia kwamba watunzi kama yeye ndio wanaotuharibia. Mtu anakuja kufanya kazi ya kweli, anakuta watu wameshaoneshwa kazi ya uongo, na ya uongo ndiyo wanayoiamini. Yeye alicheka tu, bila ubaya. "Lete weye drama ya mutu anapima samaki tokea asubui mpaka saa nne," akasema. "Miye nitakaa mbele. Miye peke yangu."

Nilitoka pale nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Sasa nikikumbuka naona kwamba nusu ya hasira ile ilikuwa wivu. Yule fundi cherehani aliyecheza profesa kwa koti la kuazima alipigiwa makofi, na mimi mwenye kazi yenyewe nilikuwa nanuka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mchangani kama kawaida. Wanawake walikuwa bado wanaongea juu ya drama. Mama mkubwa alinitilia sahani yangu, akaketi, akaanza kunitania.

"Ule profesa wa kanisani, vraiment anajua samaki. Hakuuliza mutu. Weye, mutoto yangu, unaulizaka tu kila siku. Hata sahani yako ni siye tunakuchaguliaka."

"Munanichaguliaka nini?"

"Basamaki bazuri. Tule tudogo tunatoa." Akanionyesha kwa vidole, haraka, jinsi anavyopangusa sahani na kuwarudisha wadogo kwenye beseni. "Sahani ya mutu kama weye, hatuwekake tudogo."

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu ulikuyaka. Kwanza miye. Kisha na bengine bakajua."

Nilitoka juu ya ndoo nikakaa mchangani. Miaka miwili. Kila sahani niliyoipima ilikuwa imepita kwenye vidole vya wema kabla ya kufika kwenye rula yangu. Samaki hawakuwa wamekua. Wanawake ndio waliokuwa wakizidi, mmoja baada ya mwingine, kujifunza kunichagulia, na mikono yao ikizidi kuzoea. Nilikuwa nimepima ukarimu kwa milimita na kuuita ziwa.

Mama mkubwa aliona uso wangu. Hakujua kosa ni nini, lakini alijua lipo. Nilimweleza pole pole: nilitaka samaki kama walivyotoka majini, wazuri na wabaya, wadogo na wakubwa, na sasa yote niliyoandika hayana maana. Aliligeukia daftari langu.

"Sasa utaandika mu kitabu ya kama tulikuongopea?" akauliza.

"Hapana, mama mukubwa. Nitaandika ya kama muliniheshimu."

Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, akaufunga, akarudi kwenye samaki wake.

Msimamizi wangu nilimpigia simu mchana uleule. Ni mtu mwema, na nasema hivyo kwa sababu sitaki asomwe kama profesa mbaya wa hadithini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba kila utafiti una uchafu wake, na kuna mahali maalumu pa kuuweka: sehemu inayoitwa mipaka ya utafiti. Mistari miwili ingetosha. Niseme tu kwamba sampuli huenda ziliathiriwa kwa kiasi fulani na waliozitoa. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kuwasilisha.

"Si kwa kiasi fulani," nikamwambia. "Ni zote."

"Hujui kama ni zote."

"Basi ndiyo maana inanibidi nirudie."

Alivuta pumzi ndefu simuni. Aliniambia nifikiri. Nilifikiri dakika tano, nikamwandikia kwamba narudia mwaka mzima. Sikuwa shujaa, nililia siku mbili, na siku ya tatu nilimtukana mbuzi wa jirani aliyekula kiatu changu kama vile yeye ndiye aliyechagua samaki. Lakini kuna aina ya uongo ambao mtu hawezi kuubeba, na wangu ulikuwa na urefu, uzito na jedwali. Mficha uchi hazai.

Mwaka ule niliingia majini mwenyewe, maji kiunoni, nikachota kwenye mtumbwi kabla mkono wa mwanamke yeyote haujagusa. Kisha nilipokea pia sahani ya kuchaguliwa, kama zamani, nikapima zote mbili kando kwa kando. Sahani ya mtumbwini ilinionyesha samaki wenye urefu uleule uliorekodiwa kabla ya mapatano, hawajakua hata kidogo. Wavuvi waliopatana juu ya matete hawakufurahi nilipowaambia, wala sikuwalaumu. Ile sahani nyingine ilinionyesha jambo ambalo sikulitafuta: kuchagua kwenyewe. Niliona kwamba wanawake wale walikuwa na macho makali kuliko rula. Walichambua kwa namna moja samaki wa kukausha, kwa namna nyingine wa mfanyabiashara wa Kongo, na kwa namna nyingine kabisa wa sahani yangu, na hawakukosea. Kutokana na hayo niliandika sura ya nne. Ndani yake nilikiri kosa langu lote bila kujifunika, nikaeleza jinsi heshima inavyoweza kuingia katika vipimo vya mtafiti asiyejua anaheshimiwa. Ndiyo sura pekee niliyoiandika kwa furaha.

Mwalimu, alipousikia mkasa wangu, alibadilisha drama yake kwa ajili ya urafiki wetu. Walikwenda kuichezea Mununga, na safari hii profesa alisimama mbele ya beseni na kusema kwamba alikosea, inabidi aanze upya. Nilikuwepo, nimekaa mbele. Kwanza watu walidhani mchezaji amesahau maneno, wakamsaidia kwa kupaza sauti. Alipoyarudia yaleyale, mzee mmoja aliinuka na kusema kwa utulivu, "Huyu hakusoma. Mulete mwenye alisoma." Watu wakakubaliana naye. Mwalimu, nyuma ya pazia, akamrudisha haraka profesa wa zamani, naye huyo akanusa samaki, makofi yakalia.

"Uliona?" akaniuliza wakati wa kurudi.

Siku ya kutetea tasnifu yangu nilikwenda mjini nimevaa viatu vinavyobana. Watahini walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu, na chupa za maji mbele yao. Mambo yalikwenda vizuri hadi sura ya nne. Mtahini wa kwanza aliishika kwa vidole viwili.

"Sura hii," alisema, "inasomeka kama hadithi."

Hakusema hivyo kwa kusifu. Alitaka kujua kwa nini nimejaza kurasa na wanawake, sahani na vidole, wakati msomaji anahitaji matokeo tu. Wa pili akasema kwamba msomi mzoefu angeligundua tatizo lile katika wiki ya kwanza, na kwamba kulianika namna hii kunaishusha hadhi ya kazi nzima. Wa tatu alikubali kwa kichwa.

Wiki ya kwanza! Niliwatazama watatu wale, watu waliosoma hadi nywele zikapungua, nikaona kumbe drama ya mwalimu ilifika mjini kabla yangu. Hata wao, wanaojua vizuri walivyolala juu ya makaratasi na kukosea na kufuta, walikuwa na picha ya msomi vichwani mwao, na picha hiyo haikosei, hairudii, haiulizi. Niliacha kuwalaumu watunzi pekee siku ile. Mtunzi humpa msomaji msomi anayemtaka, na wasomi wenyewe wako miongoni mwa wasomaji.

"Nililigundua baada ya miaka miwili," nikasema. "Na sikugundua mimi. Niliambiwa, kwa utani, na mwanamke aliyekuwa anachambua samaki. Nikiandika vingine nitakuwa natunga."

Nilitolewa nje nikangoja kwenye benchi. Nilirudi Nchelenge bila jibu, na baada ya wiki chache barua ikaja. Nilikuwa nimefaulu, kwa sharti moja. Sura ya nne iondolewe, na mahali pake pawekwe maelezo mafupi katika sehemu ya mbinu. Nikifanya hivyo, shahada ni yangu. Nisipofanya, kazi ingepelekwa kwenye kamati, na kamati inaweza kuikataa.

Nilikwenda nayo mchangani. Mama mkubwa alikuwa anageuza samaki juani, na wanawake watano au sita walikuwa karibu naye. Nilimweleza barua inasema nini.

"Toa," akasema mara moja. "Ni karatasi tu. Siye tunajua vile vilikuwa. Toa, upate diplome yako, tufurahi."

"Sitatoa, mama mukubwa."

"Juu ya nini?"

"Juu nikitoa, itaonekana ya kama nilijua tangu mwanzo."

Alikaa chini. Akanyoosha miguu, akafuta mikono kwenye kitenge. "Bon, tusomee," akasema. "Ile kitu banataka itoke. Tuisikie kwanza."

Kwa hiyo nilisoma. Ilikuwa kwa Kiingereza, nami niliigeuza nikienda, kwa Kiswahili, na aliponiangalia mama mmoja wa Kizambia nikarudia kwa Kibemba. Walicheka walipojisikia wenyewe ndani ya kitabu. Walinisahihisha jina la upepo mmoja. Nilipofika mahali nilipoandika juu ya heshima, jinsi wanawake wa ufukweni walivyomchagulia mtafiti samaki wazuri kwa sababu ya cheo chake, kicheko kikaisha. Waliangaliana. Mmoja wao akainama kuchambua samaki ambao walikuwa wameshachambuliwa.

"Hapo umekosa," mama mkubwa akasema.

Nilimuuliza wapi.

"Mutu wa heshima hatumuchaguliaki. Akikuya, tunamusogezea beseni, tunaangalia kando, anachagula yeye mwenyewe. Mwenye tunamuchaguliaka ni mugonjwa. Ao mwenye alifiwa. Ao mama mwenye alizaa juzi. Mutu mwenye leo hana nguvu ya kuchagula."

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Ni desturi ambayo kila mtu mzima wa pale anaijua, lakini mimi niliondoka Nchelenge mtoto kwenda shule ya bweni na niliporudi nilikuwa na rula.

"Basi miye nilikuwa nani?"

Alinijibu bila kuniangalia. "Ulikuya na miguu. Na ndoo, na kadaftari ka shule. Unauliza bitu bya batoto. Profesa mwenye tunamujua siye, wa mu badrama ba tangu zamani, anakuyaka na motoka, batu banamubebea. Tulizani masomo yalikushinda, ulirudi na haya. Niliwakataza bamama bote: musimuulize mutoto yangu juu ya masomo. Mumupe tu samaki bazuri."

Ile miaka yote nilipopita kati yao kichwa juu, nikijisifu kwamba wananiheshimu mno hawathubutu kuniuliza, walikuwa wananipitisha kama anavyopitishwa mfiwa. Aibu ilinishika kwanza, nzito, kisha nikacheka kwa sauti mpaka machozi yakanitoka, na wanawake nao wakaanza kucheka kwa kuwa walikuwa wamelibeba jambo lile muda mrefu sana. Na chini ya kicheko niliwapenda kwa namna ambayo sijui kuisema kwa lugha yoyote kati ya zangu tatu. Walidhani nimeshindwa, na walichofanya kwa mtu aliyeshindwa ni kumpa samaki bora kila asubuhi, miaka miwili, bila kumwambia.

"Sasa ile utatoa?" mama mkubwa akauliza.

"Nitaandika hii yote."

"Na ile ya huruma?"

"Ile kwanza."

Aliwaza. "Andika vizuri," akasema. "Andika ya kama sahani ya mugonjwa, hatuwekake hata kamoja kenye kuvunjika mukia. Ile hukuiweka." Na mama mwingine akaongeza jambo la kichwa cha samaki, na wa tatu akambishia, nami nikatoa kalamu.

Nilifanya kazi siku nane. Nilifuta neno heshima kila mahali lilipokuwa katika sura ya nne, nikaandika huruma, na kila nilipolibadilisha sentensi iliyofuata iliniangukia ikabidi niijenge upya. Mikia iliyovunjika niliihesabu tena katika daftari zangu za mwaka wa kurudia, kwa bahati nilikuwa nimeiandika pembeni bila kujua kwa nini, na mama mkubwa alisema kweli: katika sahani za kuchaguliwa haukuwemo hata mmoja. Wale wanawake walikuwa wanafuata kanuni kali kuliko zangu. Sura iliyotakiwa itoke iliongezeka kurasa tisa.

Msimamizi wangu alinipigia simu kunisihi. Alisema bado mimi ni kijana, nichukue shahada kwanza, mambo ya ukaidi nitayafanya nikiwa profesa. Nilimshukuru. Nilimwambia kwamba nikisubiri hadi niwe profesa nitakuwa nimeshazoea kutokosea.

Kisha nikawaandikia watahini barua ya kurudishia kazi. Nilianza kwa maneno marefu ya kujieleza, nikayafuta, nikaanza tena, nikafuta. Mwishowe ilikuwa na mistari minne tu, nami nainakili hapa kama nilivyoituma:

"Sura ya nne haijaondolewa. Mlisema kweli kwamba ilikuwa na kasoro: nilieleza vibaya sababu ya kosa langu. Nimewasomea wanawake waliochagua samaki, wamenisahihisha, na masahihisho yao yamo. Kama kamati itakuwa na swali juu ya sehemu hiyo, mimi siwezi kulijibu peke yangu. Itabidi mje kuwauliza."